Uliza Fundi Mtandao: Taa zote za kijani, mbona kurasa hazifunguki?

Jamani mwezi huu meseji zimejaa, na nusu yake zinafanana kama mapacha: rauta imewaka vizuri, simu inaonyesha waifai imejaa, halafu hakuna kinachoenda, au hiki kinaenda kile hakiendi. Nimechagua tano. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa kirefu maana ndo zinazowatesa wengi, zilizobaki nitapita haraka haraka, msininunie.

"Habari fundi. Nina steshenari hapa Tanga, natoa kopi, naprinti na kuwajazia watu fomu onlaini. Nimehama kampuni ya intaneti, hawa wapya wamenipa jina na pasiwedi nikaziweka mwenyewe kwenye rauta yangu ikaunganika hapohapo. Sasa WhatsApp iko poa, YouTube iko poa tena haraka, ila tovuti mbili tatu za kujazia fomu zinazunguka tuuu mpaka inakata, na nikiambatanisha vyeti vya mtu kwenye imeili inafika katikati inaganda. Nikiwasha hotspoti ya simu fomu ileile inafunguka. Kampuni wanasema kwao mtandao uko sawa. Wateja wanaondoka fundi." — Mama Steshenari, Tanga

Pole sana dada yangu, na hongera kwa kuweka setingi mwenyewe, wengi wanaogopa hata kuigusa hiyo rauta. Nilikuomba picha ya ukurasa wa WAN, yaani upande wa rauta unaokwenda kwa kampuni, si ndiyo, na jibu nililiona kabla hata sijaivuta picha ikue. Kwenye kisanduku cha MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa kipande kimoja cha data, kulikuwa na 1500. Nikakuuliza nani kaweka ukasema "mimi, ilikuwa 1492 nikaona 1500 ndo kubwa, si spidi itaongezeka?" Hapo nilicheka kidogo, lakini sikukucheka wewe, nilijicheka mimi maana nilishafanya hivyohivyo zamani, tena nikiwa nalipwa kama fundi.

Iko hivi. Data haisafiri kama maji kwenye bomba, inakatwa vipande vipande vinaitwa pakiti, na kwenye mitandao ya waya wa kawaida pakiti moja mwisho wake ni baiti 1500. Ndo ukubwa wa mlango. Sasa hii kampuni yako mpya inakuunganisha kwa PPPoE, yaani ile njia ya kuingia kwa jina na pasiwedi, na PPPoE inachukua kila pakiti yako inaitia kwenye mfuko wake kabla ya kuipeleka. Huo mfuko una baiti 8. Kwa hiyo mzigo wako inabidi uwe baiti 1492 ili ukishavikwa mfuko ufike 1500 upite mlangoni. Ukiiambia rauta 1500, inajaza gunia mpaka mdomoni, ikilivika mfuko linafika 1508, linakwama. Na kibaya zaidi hakuna anayekwambia limekwama. Linatupwa kimyakimya, kompyuta yako inasubiri, inatuma tena lilelile kubwa, linatupwa tena, wewe unaona kimduara kinazunguka.

Utaniuliza, sasa WhatsApp na YouTube zinapitaje? Meseji ya WhatsApp ni kitu kidogo, haijai hata robo ya gunia. YouTube na vitu vingi vya Google siku hizi vinapenda kupita kwenye protokoli inaitwa QUIC ambayo kwa tabia yake inaanza na pakiti za baiti 1200 na kitu, kwa hiyo wala hazigusi ukingo wa mlango. Lakini tovuti ya fomu inayotumia njia ya zamani ya TCP, pale tu mnapoanza kusalimiana inakutumia cheti chake cha usalama, na hicho cheti kinajaza magunia. Hapohapo inaganda. Na viambatanisho vyako vya PDF ndo usiseme, hivyo ni magunia makubwa matupu. Hotspoti ya simu inafanya kazi kwa sababu inapita njia nyingine kabisa, haipiti kwenye hiyo PPPoE.

Kampuni nao wakikwambia kwao kuko sawa hawadanganyi, wao wakipima kwa pingi (pakiti ya majaribio inayotumwa irudi) ndogo ya baiti 32 inarudi vizuri tu. Wangepima na kubwa wangeona.

Ndo maana nilikwambia ufungue ile dirisha nyeusi ya Windows (Command Prompt) uandike ping 1.1.1.1 -f -l 1472. Hiyo herufi ya pili ni eli ndogo, si moja, watu wengi wanakwama hapo halafu wanasema fundi kadanganya. Ile -f inakataza pakiti isikatwe njiani, na 1472 ukijumlisha na baiti 28 za kichwa chake unapata 1500 kamili. Kwako ikawa kimya, "request timed out" mara nne. Ukajaribu 1464, ambayo ukijumlisha na 28 unapata 1492, majibu yakarudi yote manne. Kesi imeisha. Rudisha 1492, sevu, zima rauta iwashe tena.

Kwa wasomaji wengine: ikiwa umeweka 1492 na bado, shuka mpaka 1480, na ikibidi 1452, maana kuna kampuni zinavika mfuko juu ya mfuko huko mbele bila kukwambia. Na wenye rauta za MikroTik kwenye njia yenu, angalieni kama kuna ile sheria ya kurekebisha MSS (mzigo mtupu wa pakiti ya TCP, bila vichwa vyake), kwa PPPoE inatakiwa itoke 1452, ikikosekana mtahangaika na tovuti moja moja kila siku. Kupunguza MTU hakupunguzi spidi ambayo jicho lako litaiona, kwa hiyo msiogope namba ndogo.

(Jioni Mama Steshenari aliniandikia: "Imefunguka!!! Kuna kijana nimemjazia mkopo sasa hivi". Basi.)

"Fundi wasema je? Miye ni wa Kisauni, Mombasa. Nimenunua rauta mpya nzuri ina antena nne. Ya zamani yaingia mtandaoni, hii mpya yakataa. Nimeeka jina lilelile na pasiwedi ileile wallahi, nimeangalia mara kumi. Aliyeniuzia asema rauta ni nzima, kampuni nao wasema rauta yangu haifuatani na mtambo wao. Ni kweli kuna rauta hazifuatani na mtambo?" — Baba Antena Nne, Kisauni

Ndugu yangu, kutofuatana kupo, ila mara tisa kwa kumi siyo ugomvi wa rauta na mtambo, ni adabu ya mlangoni tu. Hii PPPoE, ambayo iliandikwa rasmi Februari 1999 kwenye waraka wa RFC 2516, mimi naipenda kwa sababu inafanya kazi kama mgeni anavyobisha hodi kwetu. Rauta ikiwashwa inapiga kelele kwenye waya mzima: hodiii, kuna mtu hapa? Hiyo inaitwa PADI. Mtambo wa kampuni ukisikia unajibu: karibu, nipo. Hiyo ni PADO. Rauta inasema haya nataka kuingia, ndo PADR, mtambo unampa namba ya kikao, PADS, ingia. Akishaingia ndo anaulizwa jina na pasiwedi, siyo kabla. Na akiondoka kwa adabu anaaga, PADT.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo pasiwedi, swali ni je hodi imejibiwa? Fungua ukurasa wa logi (kumbukumbu ya matukio) wa rauta yako usome. Ukiona maneno ya PADO pamoja na timeout, ina maana unabisha hodi nyumba haina mtu, pasiwedi hata haijaulizwa, hata ungeandika jina la jirani majibu yangekuwa yaleyale. Ukiona authentication failed, hodi imejibiwa, umeingia ukumbini, umekataliwa kwenye jina. Huna logi? Chomeka laptopu moja kwa moja kwenye kiboksi cha kampuni, tengeneza muunganisho wa PPPoE kwenye Windows, ubonyeze. Kosa 651 ni hodi haijajibiwa. Kosa 691 ni umekataliwa jina, pasiwedi, au hujalipa (ndiyo, kampuni nyingi zikifika tarehe zinafunga hapohapo kwenye jina, na unaweza kukaa saa nzima unabadilisha setingi kumbe deni).

Sasa kama hodi haijibiwi na rauta ya zamani inajibiwa, washukiwa ni watatu.

Wa kwanza ni hiki kiboksi cheupe cha faiba ukutani. Kuna vinavyopitisha tu, hivyo tunasema viko bridge, na rauta yako ndo inabisha hodi. Kuna ambavyo vyenyewe vishabisha hodi na vishaingia, vinakugawia intaneti ikiwa imeiva. Kama chako ni cha aina ya pili halafu na wewe umeweka PPPoE kwenye rauta mpya, unabisha hodi kwenye chumba ambacho uko ndani tayari, nani akujibu? Badilisha rauta iwe Dynamic IP, yaani ipokee anwani tu bila jina na pasiwedi, mambo kwisha. Utajuaje? Chomeka laptopu bila kuweka chochote, tazama anwani uliyopata. Ukipata 192.168 na kitu, kiboksi ndo kishaingia. Ukipata 169.254 na kitu, hakuna aliyekupa anwani, laptopu imejitungia yenyewe, basi huenda kweli inatakiwa PPPoE. Kwako wewe ya zamani ilikuwa na PPPoE na ikafanya kazi kwa hiyo mshukiwa huyu namwachia, ila nimeandika kwa faida ya wengine.

Wa pili ni VLAN, yaani namba inayobandikwa kwenye data kuonyesha ni ya njia ipi. Kampuni nyingine hazisikilizi hodi isiyo na namba ya VLAN, ni kama geti lenye askari anayetaka kuona kitambulisho kwanza. Fundi aliyekuja kufunga rauta ya zamani aliweka hiyo namba hakukwambia. Ingia kwenye rauta ya zamani, nenda kwenye WAN au IPTV, utafute VLAN ID, ukiikuta hamishia kwenye mpya. Na hapa ndipo ile "haifuatani" inaweza kuwa kweli, maana kuna rauta za bei rahisi hazina kabisa sehemu ya kuweka VLAN upande wa WAN. Hiyo uirudishe dukani, antena nne hazitakusaidia.

Wa tatu, na huyu ndo ninayemshuku kwako, ni MAC. Kila rauta ina namba yake ya kuzaliwa, na kampuni nyingi za mitaani hufunga jina lako lisikubali namba nyingine isipokuwa ile waliyoiona siku ya kwanza. Rauta mpya, sura mpya, mtambo unakaa kimya au unakukatalia jina. Unaweza kuwapigia simu wakaifuta ya zamani, au kwenye rauta mpya ukatafuta MAC clone ukaandika namba iliyo kwenye stika ya chini ya rauta ya zamani. Angalia vizuri tu, namba ya stika mara nyingine ni ya upande wa LAN (wa ndani ya nyumba) na ya WAN inazidi kwa moja, kwa hiyo isome kwenye ukurasa wa hali ya rauta yenyewe siyo kwenye stika ikiwezekana.

Halafu kuna kajambo kadogo. Ulivyoing'oa ya zamani, uliizima kwanza kwenye ukurasa wake au ulichomoa tu umeme? Ukichomoa tu hajaaga, mtambo unadhani bado yuko ndani, na jina moja wanaruhusu mtu mmoja. Chomoa zote, kanywe chai, subiri dakika kumi hivi, ndo uwashe mpya. Miye mwenyewe niliwahi kubishana na huduma kwa wateja wa kampuni moja karibu usiku mzima, asubuhi nikawasha bila kugusa kitu ikaingia. Nilikuwa mimi ndo nimejifungia nje.

Na pasiwedi, najua umeapa, lakini uliikopi kutoka WhatsApp? WhatsApp inapenda kubeba na nafasi moja tupu mwishoni, na kibodi ya simu inapenda kuanza na herufi kubwa. Iandike kwa mkono, bonyeza kile kijicho uione. Upande wa PAP na CHAP, zile njia za kuhakiki pasiwedi, weka Auto, usichague.

"Assalaam alaykum. Niko Muscat, bi mkubwa yuko Unguja, nimemfungia kamera nne na DVR ya kurekodi ili nimwone. Nimefungua poti kwenye rauta kama video zinavyoelekeza, nimerudia mara nyingi, nikiwa nyumbani Unguja inafungua, nikirudi Muscat haifungui. Rauta inaonyesha anwani 100.79 na kitu." — Mtoto wa Mwembeladu

Wa alaykum salaam, na Mungu amtunze bi mkubwa. Hiyo 100.79 ndo imekueleza kila kitu. Anwani zote zinazoanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi moja: kampuni za intaneti ziwagawie wateja huko ndani kwao. Anwani za IPv4 duniani ni kama bilioni 4.3 tu na hazitoshi, kwa hiyo kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Inaitwa CGNAT. Wewe umefungua mlango wa nyumba, sawasawa, lakini geti la mtaa liko kwa kampuni na hilo huna ufunguo wake. Ungeweza kufungua poti mpaka kiama.

Una njia tatu. Uwaombe anwani ya umma, wengine wanatoa kwa malipo ya ziada kila mwezi. Au uachane na poti utumie huduma ya P2P ya hiyo DVR, unaskani QR kwenye menyu yake, yenyewe inatoka nje kwanza na wewe unaikuta huko. Rahisi sana, ila badilisha pasiwedi ya kiwandani kabla hujaiwasha, tafadhali sana, hutaki watu wasiojulikana wakimtazama mama yako akipepeta mchele. Au uweke VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) inayoanzia kwa bi mkubwa kutoka nje, WireGuard kwa mfano, kama una seva mahali. Mimi ningekwambia P2P kwanza, ikikushinda ndo uombe anwani.

Na nilivyoona kwenye picha uliyotuma, DVR iko nyuma ya rauta mbili, ya kampuni na ya kwako, zote zinatumia 192.168.1.1. Ibadilishe moja iwe 192.168.2.1 kabla hujafanya lolote, la sivyo siku moja kamera zitapotea na bi mkubwa atakupigia simu saa tisa usiku.

"Shikamoo fundi. Ofisini tuna VPN ya zamani ya PPTP, laptopu za Windows zinaingia, iPhone ya bosi haioni hata sehemu ya kuchagua PPTP. Bosi anasema simu mbovu." — Kijana wa IT, Arusha

Marahaba. Simu siyo mbovu. Apple waliitoa PPTP kwenye iOS 10 mwaka 2016, kwa sababu usalama wake ulishavunjwa zamani. Tena hata kwa Windows utakuta mtu akiwa kwenye intaneti ya hoteli haiingii, maana PPTP haitoshelezwi na poti 1723 peke yake, inataka na GRE, protokoli nyingine inayobeba data yenyewe, ipite, na rauta nyingi zinaizuia au haziijui. Wekeni VPN ya kisasa, IKEv2 au WireGuard. Mwambie bosi gharama ni wikiendi yako moja na chakula cha mchana. Mkichukua WireGuard, iacheni MTU yake kwenye 1420 kama inavyokuja, na kama ofisi iko kwenye PPPoE ishushe mpaka 1412, zile baiti 8 zinatufuata mpaka huku.

"Fundi, rauta imewaka taa nyekundu ya LOS inapepesa, nimerizeti mara tatu, nimeweka setingi upya lakini wapi. Programu gani nidanlodi?" — Msomaji, Morogoro

Usidanlodi kitu, na acha kurizeti, maana ukirizeti unafuta jina na pasiwedi ya kampuni halafu unakuwa na matatizo mawili. LOS nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki kwenye kiboksi. Fuata ule waya mwembamba toka kwenye kiboksi, uangalie nyuma ya kochi, chini ya mguu wa meza, popote ulipokunjwa kwa nguvu, faiba haipendi kona kali. Usichungulie ndani ya ncha yake kutafuta mwanga, ni leza na huioni kwa macho. Halafu tazama rangi ya vichwa: cha kijani kimekatwa kwa mshazari, cha bluu hakijakatwa hivyo, na havioani. Kama kuna mtu alipanga kabati wiki iliyopita akarudisha waya wa kijani kwenye tundu la bluu, umeshampata, na huyo hahitaji programu. Kama vyote vimeoana na waya haujakunjika, pigia kampuni uwaambie neno moja tu, LOS, watajua walete nani.